Wanakula nini wakisubiri?

Baba aliinusa kwanza, kama anavyonusa dawa ya ubwiri kabla hajaimimina kwenye bomba la kupulizia. Kisha akapiga funda moja kutoka kikombe cha chai, maana glasi za mvinyo nyumbani hatuna. Akakunja uso.

"Ina ukakasi. Kama ndizi mbichi."

Ilikuwa Agosti, jioni, nyumbani Mpunguzi, chini ya mwarobaini wa uani. Kreti za zabibu zilikuwa zimepangwa kivulini tangu asubuhi zikisubiri gari la mnunuzi, gari ambalo kila tukipiga simu lilikuwa "liko njiani". Nyuki walishazigundua. Chupa niliibeba mwenyewe kutoka Torino, Italia, ninakoishi, nimeiviringisha ndani ya suruali mbili za jinzi, nikisali safari nzima begi lisitupwe ovyo. Barolo ya 2019, mvinyo mwekundu wa Italia. Nilitaka mtu aliyelima zabibu zaidi ya miaka 30 aonje kitu ambacho Waitaliano wenyewe hukitaja kwa kushusha sauti.

Bei aliniuliza. Nilimdanganya, nikataja nusu. Hata hiyo nusu aliigeuza kuwa kreti kichwani mwake, nikaona midomo ikihesabu, akanyamaza.

Halafu akaja na maswali ya mkulima. Zabibu gani? Nebbiolo. Wanavuna mara ngapi kwa mwaka? Mara moja. "Moja tu?" Sisi Dodoma tunavuna mara mbili na bado haitoshi. Nikamweleza na sheria yao: mvinyo ule hauruhusiwi kuuzwa kwa jina la Barolo mpaka ipite miezi 38, na angalau 18 kati ya hiyo uwe ndani ya mapipa ya mbao. Ukitaka kuandika Riserva, miezi 62.

Baba alitazama kreti zake. Akatazama barabara.

"Miaka mitatu na ushee. Sasa hiyo miaka mitatu, wanakula nini?"

Nikajibu kitu kuhusu benki na mikopo. Akaitikia kwa upole, vile watu wazima wanavyoitikia mtoto wao akiwa hajui anachosema.

Nilirudi Torino na lile swali. Limenikaa kooni wiki tisa sasa.

## Hasira ya chupa

Kabla sijaendelea, nimtendee haki Baba kuhusu ukakasi. Hakukosea. Mtu akionja Barolo changa kwa mara ya kwanza hushangaa mara mbili. Kwanza rangi: umeambiwa ni mvinyo mwekundu wa kifalme, unamiminiwa kitu chepesi ambacho ukingoni kina rangi ya tofali la kuchoma, unadhani wameongeza maji. Pili mdomo: unakauka, ulimi unashikwa, fizi zinavutwa. Ni tanini, ndiyo inayoleta ukakasi, na Nebbiolo imejaa tanini na uchachu kwa pamoja. Harufu ndiyo inayokuita urudi. Wajuzi husema lami na waridi, na mimi nilicheka niliposoma hivyo, mpaka siku niliyoinusa kweli na kukumbuka barabara ya Iringa ilivyokuwa ikimwagwa lami, jua kali, na mwanamke aliyejipaka manukato akapita.

Kwa hiyo kusubiri kwao si mbwembwe. Zabibu yenyewe haina haraka. Katika vilima vya Langhe, kule inakotoka Barolo, Nebbiolo huchipua kabla ya nyingine na kuiva baada ya nyingine zote. Huchumwa Oktoba, wakati ukungu umeshuka mabondeni. Wengi wanaamini jina lake limetokana na nebbia, yaani huo ukungu. Wazee waliipanda pale tu theluji inapoyeyuka mapema, miteremko inayotazama kusini, ambayo kwa kilugha chao cha Piemonte huitwa sorì. Ukisogea mita mia mbili upande usio na jua, hupandi Nebbiolo, unapanda kitu kingine.

Hicho "kitu kingine" nilikipita haraka niliposoma. Nitakirudia, kwa sababu ndipo nilipokuwa nimekosea.

Ile chupa hatukuimaliza. Baba aliiziba kwa gunzi la mahindi akaiweka kabatini karibu na mafuta ya taa. Siku ya tatu, kabla sijaondoka, aliimimina tena kidogo.

"Imepunguza hasira," alisema, na safari hii alimaliza kikombe.

## Mapipa 325

Nilianza kutafuta jibu pale palipo karibu na nauli yangu: Torino mjini, mtaa wa Via delle Orfane, kwenye jumba la akina Falletti, mabwana wa Barolo. Barolo yenyewe ni kijiji kidogo tu chenye ngome, kusini magharibi mwa mji wa Alba. Jina likakua kuliko kijiji, na leo eneo linaloruhusiwa kutoa mvinyo huo linagusa manispaa 11.

Katika jumba hilo aliishi Giulia Colbert, Mfaransa aliyeolewa na Carlo Tancredi Falletti na kuitwa Marquise, cheo cha kikabaila. Walikuwa matajiri, hawakupata watoto, na mali yao nyingi ikaenda kwa wafungwa wanawake, shule na masikini wa Torino. Mwaka 2015 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi Mstahiki, hatua mojawapo ya kuelekea utakatifu. Nilisimama kwenye ngazi za jumba lile nikiwaza: huyu mama, katika historia, angekumbukwa kwa magereza, lakini dunia inamkumbuka kwa chupa.

Husimuliwa kwamba mfalme Carlo Alberto alimlalamikia siku moja kwamba anausikia tu huo mvinyo wake, hajauonja. Mama akampelekea msafara wa mikokoteni yenye mapipa 325: pipa moja kwa kila siku ya mwaka, ukiondoa siku 40 za Kwaresima. Ni hadithi, na hadithi za namna hii huongezewa chumvi kila zikipita mkono. Jirani yake upande wa Grinzane alikuwa Camillo Cavour, meya wa kijiji hicho tangu 1832 hadi 1849, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Italia. Hadi leo wanabishana nani hasa kati ya hao na mafundi waliowaajiri aliufanya mvinyo huu uache utamu na uwe mkavu. Sitaingia kwenye ugomvi huo.

Mimi nilikuwa na swali la Baba mfukoni, na hapa jibu lilikuwa rahisi mno.

Walikula kama kawaida.

Marquise hakusubiri kwa njaa. Mwenye mashamba, jumba na mfalme wa kumtumia zawadi anaweza kuacha pipa lilale miaka mitano bila hata kukumbuka liko wapi. Nikatoka pale nikijiona nimedanganywa, ingawa hakuna aliyenidanganya. Baba hakuuliza kuhusu Marquise. Aliuliza kuhusu mtu mwenye ekari mbili.

## Wa ekari mbili

Mtu wa ekari mbili, kumbe, kwa muda mrefu hakuwa na Barolo kabisa. Alikuwa na zabibu.

Hili lilinichukua muda kulielewa kwa sababu Langhe ya sasa inakudanganya macho. Ukifika La Morra na kusimama pale uwanjani wanapopigia picha, unaona mizabibu imechanwa kama nywele, ngome juu ya kila kilima, magari ya kifahari yenye namba za Uswisi na Ujerumani. Mwaka 2014 UNESCO waliyaweka mandhari hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Huwezi kuamini kwamba vilima hivi vilikuwa jina jingine la umaskini, kwamba baada ya vita ya pili vijana walivikimbia kwenda kiwanda cha magari cha Fiat Torino, na kwamba binti aliyeolewa kilimani alionewa huruma.

Mkulima alishusha zabibu zake Alba kwa mkokoteni na ng'ombe, akasimama sokoni kusubiri madalali wa wafanyabiashara wa mvinyo. Dalali hakuwa na haraka. Alikuwa anapita, anaonja punje moja, anakunja uso, anaondoka. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo zabibu zilivyolainika na bei ilivyoshuka, na jioni mtu angeuza kwa chochote kuliko kuzirudisha kilimani.

Niliposoma hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Kwa sababu naijua ile jioni. Naijua sauti ya simu inayosema gari liko njiani. Naijua hesabu ya mtu anayetazama kreti na kujua kwamba kesho zitakuwa zinavuja. Kwetu ukikosa mnunuzi unakamua, unapata mchuzi wa zabibu, unaujaza kwenye simtanki, halafu unaanza kumsubiri mnunuzi wa mchuzi.

Mwaka 1958 mwalimu wa shule, Arnaldo Rivera, ambaye pia alikuwa meya wa Castiglione Falletto, aliwakusanya wakulima 22 wakaanzisha ushirika wa kukamua na kuuza pamoja, Terre del Barolo. Upo mpaka leo. Najua neno ushirika linavyosikika masikioni mwa baadhi yenu; nyumbani kwetu pia kuna risiti za mavuno ambazo hazijalipwa hadi kesho, na Baba anazitunza kwenye kopo la maziwa kama vyeti. Lakini naandika kilichotokea: pale kilimani, mtu wa ekari mbili alipata mahali pa kupeleka zabibu ambapo hakuna aliyesubiri jua lipande ili ampunje.

Kidogo nijione nimepata jibu. Ushirika! Nikamwandikia Baba ujumbe mrefu. Akajibu: "Vizuri. Ila ushirika nao unakula nini?"

## Chenso

Kuna mtu mmoja wa La Morra ambaye sikuweza kumpita. Anaitwa Elio Altare.

Miaka ya 1970, kijana wa familia ya wakulima, alikwenda Burgundy, Ufaransa, akalala ndani ya gari kwa kukosa hela ya hoteli. Huko aliwaona wakulima wa mizabibu kama yeye, tofauti ni kwamba walikuwa na maisha. Akarudi nyumbani akitazama mapipa ya baba yake, yale makubwa ya zamani, meusi, ambamo mvinyo ulikaa miaka mpaka ukali wake utulie au harufu iharibike, kutegemea bahati. Mwaka 1983 alichukua chenso akayakatakata. Mahali pake akaleta barrique, vipipa vya Kifaransa vya lita 225. Mbao mpya, pipa dogo, mvinyo unalainika mapema.

Baba yake akamnyima urithi. Alifariki miaka miwili baadaye hawajapatana.

Vijana wenzake wakamfuata. Wakafanya na jambo jingine ambalo wazee waliliona ni laana: katikati ya kiangazi walikata vishada vibichi na kuviacha chini vioze, ili vilivyobaki juu viive vizuri. Mimi mtoto wa zabibu nakwambia, ningemwona mtu anafanya hivyo shambani kwetu ningekimbia kumwita Mama. Mtu aliyewahi kulala njaa hawezi kutazama chakula kikitupwa chini kwa makusudi akaita hiyo ni kazi.

Upande wa pili walisimama akina Bartolo Mascarello wa Barolo, mzee aliyechora lebo za chupa zake kwa mkono, na kwenye mojawapo akaandika: No Barrique No Berlusconi, yaani hataki vipipa wala Berlusconi, yule tajiri mwanasiasa wa Italia. Aliamini Barolo ni pipa kubwa na subira, kwisha. Magazeti yakauita ugomvi huo vita vya Barolo.

Wiki nzima nilikuwa upande wa Mascarello. Ni rahisi kumpenda. Ana msimamo, ana mzaha, ana lebo. Na mimi naishi ugenini, watu wa ugenini hupenda sana mambo ya asili ya mahali pengine.

Halafu usiku mmoja nikiwa zamu kazini, wazee ninaowahudumia wote wamelala, nikafikiria tena ile chenso. Kijana yule hakuwa anachukia mila. Alikuwa amechoka kusubiri. Alilikuta shamba ambalo baba yake amelifanyia kazi maisha yote na bado wanauza kwa dalali, akaambiwa avumilie, na alipouliza mpaka lini hakupata mtu wa kumjibu. Lile lile la Baba. Yeye tu alilijibu kwa mashine.

Leo vita imepoa. Wengi wamerudi kwenye mapipa makubwa, wengine wanachanganya, na watoto wa mahasimu wanakula meza moja. Kilichobaki ni bei: hektari moja ya Nebbiolo ya Barolo siku hizi inavuka euro milioni 1.

## Viatu

Jibu lenyewe nililipata jikoni, na sikulipata kwa mtu niliyemuuliza.

Mwenzangu kazini, muuguzi, ni mzaliwa wa vilima vile. Alichoka kunisikia. Jumapili moja ya mwanzo wa Oktoba akanipakia kwenye gari lake: "Twende kwa babu yangu, umuulize, halafu utuache tupumzike." Tulipanda kutoka Alba ndani ya ukungu mzito kiasi kwamba mizabibu ilionekana mistari miwili mitatu tu kila upande, kisha ghafla tukatokeza juu yake, kwenye jua, na vilima vikawa visiwa.

Babu ana hektari tatu. Moja tu ni Nebbiolo. Amevaa sweta lenye tundu kwenye kiwiko, na ile hektari moja ingemnunulia kiwanda cha masweta. Zabibu zake anapeleka ushirika, isipokuwa kidogo anayojiwekea. Akanionyesha pipa lake chini ya nyumba, akaligonga kwa kidole kama mtu anayegonga mlango wa rafiki mgonjwa.

Nikamuuliza swali la Baba, nikitafsiri neno kwa neno. Wakisubiri, wanakula nini?

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Dolcetto!"

Ndipo nikaelewa kile "kitu kingine". Dolcetto ni zabibu ya upande usio na jua la kutosha. Inaiva wiki kadhaa kabla ya Nebbiolo, mvinyo wake unanyweka na kuuzwa ndani ya mwaka. Barbera nayo hivyo hivyo, haidai miaka. Kule chini kwenye ubaridi, na juu zaidi ambako mizabibu haitaki, wanapanda njugu za nocciola, zile zinazotiwa kwenye chokoleti. Shamba la mtu mwenye akili lina kinachosubiri na kinacholisha. Babu alilieleza hilo kwa raha, akichora kwa kidole mezani: hapa jua, hapa kivuli, hapa njugu. Mimi nikawa naandika haraka haraka, nikimwona Baba akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Bibi alikuwa ametupa mgongo, anakata tajarin, tambi zao nyembamba za viini vya mayai. Hakugeuka.

"Dolcetto haikununua viatu," alisema.

Kimya.

"Viatu vilinunuliwa na chokoleti."

Mwaka 1962, akiwa binti wa miaka 21, aliingia kiwanda cha Ferrero pale Alba. Nutella yenyewe ilikuja 1964, yeye ameshakuwa mwenyeji kiwandani. Basi la kampuni lilipita vijijini kuwachukua wafanyakazi na kuwarudisha, ndiyo maana vilima vyao havikuhamwa vyote: uliweza kuwa mtu wa kiwandani na ukalala kwenu. Aliamka saa kumi alfajiri, akashuka kilimani gizani, akarudi jioni kukamua ng'ombe. Mavuno yakija, anavuna. Mshahara ulitoka kila mwezi. Kila mwezi, alirudia, akinitazama sasa. Wakati babu akisubiri pipa lake, na dalali, na baadaye ushirika, na bei ipande, ndani ya nyumba ile kulikuwa na bahasha moja isiyosubiri chochote.

"Watu wanakuja hapa wanampiga picha yeye na pipa," alisema. "Ni sawa. Mimi siko mzuri kwenye picha."

Babu hakubisha. Aliinuka, akamsogezea unga.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Kwenye ukurasa wangu wa "Kuhusu mimi" kuna sentensi ambayo baadhi yenu mmeninukuu: "mtoto wa Mpunguzi aliyesomeshwa na zabibu". Nimeisema kwenye mahojiano, nimeisema kanisani, nimeisema kwa Waitaliano, wanaipenda sana. Mama yangu amekaanga maandazi na chapati tangu nikiwa darasa la kwanza. Kila alfajiri. Zabibu zilipokopwa na wanunuzi wakapotea nusu mwaka, ada ya sekondari ilitoka kwenye ndoo ya maandazi, na nauli ya kwenda chuoni, na jinzi ya kwanza niliyowahi kuvaa. Nilijua. Siku zote nilijua. Ila kwenye hadithi ya zabibu sikuwahi kumweka, kwa sababu maandazi hayana lebo.

Sentensi ile nimeifuta. Bado sijapata ya kuweka mahali pake.

## Daftari la simu

Nilitaka makala iishie jikoni kwa bibi. Ingekuwa nzuri.

Lakini jioni ile mwenzangu alilala kwao, mimi nikateremshwa stesheni ya Alba kupanda treni ya kurudi Torino. Kwenye benchi kulikuwa na vijana watatu, wawili wa Mali na mmoja wa Gambia, buti zina tope la rangi ya kijivu, lile tope la Langhe linalonata kama sabuni. Mikono myeusi kwa mchuzi. Tukasalimiana, kwa vile weusi tukikutana stesheni ndogo za Ulaya husalimiana. Wakadhani mimi ni Msenegali. Nikakaa.

Wa Gambia alikuwa anaandika kitu kwenye simu. Akanionyesha bila kuficha: tarehe, jina la kilima, saa alizofanya kazi. Majina yale nayajua, nayaona kwenye lebo za chupa ambazo sitaweza kununua: Brunate, saa 8. Cannubi, saa 9. Ameyaandika anavyoyasikia, kwa herufi zake.

Kwa nini unaandika? Mwaka jana, alisema, mtu aliyewapeleka kazini, si mwenye shamba, mtu wa katikati, aliwaambia pesa ipo, wasubiri. Wakasubiri hadi mtu yule akazima simu. Mwaka huu yuko na mwajiri anayelipa, ana mkataba, lakini daftari haachi. Nyumba ndiyo bado. Wanapanga sita chumba kimoja, na anasema kuna waliolala kando ya mto Tanaro msimu mzima.

Si siri. Italia ina sheria tangu 2016 dhidi ya hao watu wa katikati, inayomgusa mpaka mwenye shamba anayewatumia, na mwaka 2024 polisi walikamata watu waliokuwa wakiwanyonya vibarua kwenye mashamba ya vilima hivi hivi. Miaka ya nyuma vibarua walitoka Masedonia, Bulgaria, Romania. Kabla ya hapo walikuwa majirani wenyewe kwa wenyewe.

Nikamuuliza kama amewahi kuionja Barolo.

Akacheka. "Mimi Mwislamu, kaka."

Treni yao ikaja kwanza.

Nimekaa na haya wiki mbili zaidi nikijaribu kuyaunganisha na bibi wa tajarin, na nimeshindwa kuyalinganisha kama mizani. Bibi alikuwa na bahasha ya kila mwezi, basi la kumrudisha na kilima cha kurudi. Kijana ana daftari. Ila nikirudi kwenye lile swali la chini ya mwarobaini, naona nilikuwa nalielewa nusu. Nilidhani Baba anauliza kuhusu mvinyo: fundi gani, pipa gani, benki gani. Yeye alikuwa anauliza ni nani ndani ya ile chupa ambaye hakuruhusiwa kusubiri.

Au labda alikuwa anauliza tu wanakula nini. Baba si mtu wa mafumbo.

## Simu

Jumamosi iliyopita nilimpigia. Nikampa yote kwa mpangilio: Marquise, soko, mwalimu wa ushirika, chenso. Kwenye vishada vilivyotupwa chini alisema "Mungu wangu", na akanyamaza kidogo. Kwenye Dolcetto alipiga paja, nilisikia. "Nilikwambia! Lazima kuna kingine." Tukabishana Dolcetto yetu ni ipi. Yeye alisema karanga, mimi nikasema alizeti.

"Sasa mzee," nikamwambia, "bibi wa kule alisema Dolcetto haikununua viatu." Nikamsimulia la kiwanda, basi la alfajiri, bahasha.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaangalia kama mtandao umekatika.

"Ongea na mama yako," alisema.

Mama akachukua simu. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye hali ya hewa. Akaniambia mafuta ya kupikia yamepanda bei tena, akaniuliza kama nakula. Halafu akasema gari la mnunuzi la Agosti lilikuja siku moja baada ya mimi kuondoka, saa tano usiku, walichukua kreti zote, wamelipa nusu.

"Zote? Hamkubakiza hata kidogo?"

"Baba yako amekamua dumu moja la lita 20. Ameliziba, amelibandika karatasi na tarehe, kaliweka chini ya kitanda. Anasema lisiguswe miezi 38."

Nikasikia Baba kwa mbali akisema kitu.

"Analionja kila Jumapili baada ya misa," Mama akaendelea, akicheka. "Mimi nimemwambia, kwa mwendo huo Krismasi halifiki."